Mtu mwembamba sana ajidunge insulini sehemu gani?

Msomaji anauliza: “Nina umri wa miaka 29. Niligunduliwa kuwa na kisukari aina ya kwanza mwaka jana. Urefu wangu ni sentimita 174, lakini uzito wangu ni kilo 50 tu. Natumia kalamu ya insulini yenye sindano ya milimita 8, insulini ya haraka kabla ya kila mlo na ile ya muda mrefu usiku. Tumboni sina mafuta ya kushika na mapaja yangu ni misuli mitupu. Mara nyingi sindano huniuma hadi nashtuka, damu hutoka, na mara kadhaa sukari imeshuka ghafla bila sababu ninayoifahamu. Kuna sehemu moja ndogo, kushoto kwa kitovu, ambayo haiumi, na sasa nimebaki kujidunga hapo tu. Je, mtu mwembamba kama mimi anapaswa kujidunga wapi?”

Ndugu yangu, mambo manne uliyoyataja, yaani maumivu, damu, kushuka kwa sukari kusikoelezeka na hiyo sehemu moja isiyouma, yanahusiana kwa karibu kuliko yanavyoonekana, na ninaamini kwamba chanzo chake kikubwa ni urefu wa sindano unayoitumia. Ndiyo maana nitaanza na sindano kabla ya kufika kwenye sehemu za mwili. Ukibadili sehemu huku ukibaki na sindano ile ile, utakuwa umelihamisha tatizo kutoka tumboni hadi pajani.

Insulini inakusudiwa kuingia kwenye tabaka la mafuta lililo kati ya ngozi na misuli. Watu wengi hudhani kwamba mtu mwembamba ana ngozi nyembamba pia, lakini vipimo vya ultrasaundi vimeonyesha kwamba ngozi ya sehemu za kudungia insulini ina unene wa takribani milimita 2, na ni mara chache huzidi milimita 3, mtu awe mnene au mwembamba. Kinachotofautiana sana ni mafuta yaliyo chini yake. Kwa mtu mnene mafuta hayo yanaweza kuwa ya sentimita kadhaa, ilhali kwa mtu wa umbile lako, hasa mwanamume, kwenye paja yanaweza kuwa ya milimita chache tu. Sindano ya milimita 8 ikisimamishwa wima juu ya paja la namna hiyo hupita ngozi, hupita mafuta yote, na kumwaga dawa ndani ya msuli.

Msuli una mishipa mingi ya damu kuliko mafuta, na mtiririko wa damu yake huongezeka sana unapofanya kazi. Insulini iliyoingia humo hunyonywa kwa kasi isiyotabirika: leo kwa haraka kidogo, kesho kwa haraka mno kwa sababu umepanda ngazi au umetembea mwendo mrefu baada ya kujidunga. Hali hii huwa ya hatari zaidi kwa insulini ya muda mrefu, kwa sababu kipimo kilichokusudiwa kutumika polepole usiku kucha kinaweza kuanza kufanya kazi kwa wingi ndani ya muda mfupi, ukiwa umelala. Unaposema sukari imeshuka ghafla bila sababu, hili ndilo jambo la kwanza ninalolishuku. Maumivu makali ya ndani, tofauti na mchomo mdogo wa juu ya ngozi, na msuli kuruka sindano inapoingia ni dalili nyingine za jambo hilo hilo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba uzungumze na kliniki yako ili upewe sindano za kalamu za milimita 4. Mapendekezo ya kimataifa kuhusu udungaji wa insulini yaliyochapishwa mwaka 2016 yanaiona sindano hiyo kuwa inawafaa watu wazima wote, wanene kwa wembamba, kwa kuwa inatosha kupita ngozi na haifiki mbali. Hata hivyo, kwa watoto wadogo na watu wazima wembamba sana yanaongeza sharti moja linalokuhusu: ngozi ikunjwe kwanza, kisha sindano iingizwe wima katikati ya kunjo hilo. Usiilaze sindano ya milimita 4 kwa kudhani kwamba unajilinda zaidi, kwa sababu ikilala itaishia ndani ya ngozi yenyewe. Hapo insulini huuma na kuacha kivimbe kama cha kuumwa na mbu, na hunyonywa vibaya vilevile. Usiigandamize kalamu kwa nguvu pia. Mkono mzito huibonyeza ngozi na kuisogeza karibu na msuli, na faida ya ufupi wa sindano hupotea.

Ikiwa kwa sasa unazo sindano za milimita 8 tu, usiache kujidunga ukisubiri nyingine, kwa kuwa kukosa insulini kwa mwenye kisukari aina ya kwanza ni hatari kubwa kuliko yote tunayoyazungumza hapa. Kunja ngozi na uiingize kwa mlalo wa nyuzi 45, ambapo sindano ya milimita 8 hufika kina cha karibu milimita 6 badala ya 8. Wanaotumia bomba la sindano badala ya kalamu wafanye hivyo hivyo, kwa sababu sindano za mabomba huanzia milimita 6, na nyingi ni ndefu kuliko hapo.

Kukunja ngozi kunaonekana kuwa jambo dogo, lakini kwako ndiko kutakakoamua mambo mengi, na nimeona watu wengi wakikufanya isivyo. Tumia kidole gumba na kidole cha shahada, na cha kati ukihitaji, kuinua ngozi pamoja na mafuta yake, taratibu, bila kuminya hadi ngozi ibadilike rangi au iume. Ukishika kwa kiganja kizima utainua na msuli, nawe utakuwa umejirahisishia kuudunga. Kuna jaribio rahisi la kujua umeshika nini: ukiwa umeshikilia kunjo, kaza msuli wa sehemu hiyo. Kwa tumbo, lala chali na uinue kichwa kidogo, na kwa paja, kaa na unyooshe goti. Ikiwa ulichoshika kinakuwa kigumu au kinakuponyoka vidoleni, umeshika msuli, na ikiwa kinabaki laini, umeshika mafuta. Baada ya hapo legeza mwili kabisa, ingiza sindano kwa mwendo mmoja wa haraka, bonyeza kitufe polepole hadi mwisho, hesabu hadi kumi ukiwa bado umeshikilia, chomoa sindano, ndipo uachie ngozi. Wengi huachia ngozi mara tu sindano inapoingia, na hapo msuli hurudi juu kuifuata sindano.

Sehemu ambayo huwezi kuinua kunjo lolote iache. Kwa mtu mwembamba mimi hukiweka kigezo hiki mbele ya ramani zote zinazobandikwa ukutani, kwa kuwa ramani hizo huchorwa kwa mwili wa wastani.

Sasa nije kwenye sehemu zenyewe. Ninayoipendekeza kwako kabla ya nyingine zote ni makalio, upande wa juu na wa nje, pamoja na ubavu wa kiuno ulio juu ya mfupa wa nyonga kuelekea mgongoni. Hata mtu aliyekonda sana hubakiwa na mafuta kidogo hapo, na mara nyingi ndipo anapoweza kutumia sindano fupi bila hofu. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Leonard Thompson, alikuwa kijana wa miaka 14 mwenye uzito wa takribani kilo 30 alipolazwa hospitalini Toronto, na tarehe 11 Januari 1922 dozi yake ya kwanza iligawanywa katika makalio mawili. Dawa ya wakati huo haikuwa safi na upande mmoja ulitunga jipu, lakini mwilini mwake hapakuwa na sehemu nyingi za kuchagua.

Najua kwa nini watu hawaipendi sehemu hii: ni vigumu kuiona na kuifikia, na haifai kutumiwa mbele za watu. Kwa hiyo usiipangie dozi za mchana. Ipangie insulini ya muda mrefu ya usiku, unapokuwa chumbani na huna haraka. Simama ukiegemeza uzito kwenye mguu wa upande wa pili ili kalio liwe legevu, gawanya kalio katika robo nne kwa mawazo, na udunge robo ya juu iliyo upande wa nje. Kioo kitakusaidia kuona. Kukunja ngozi kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika kalamu nyuma ya mwili ni kazi ngumu, lakini kwenye makalio, ukiwa na sindano ya milimita 4, kwa kawaida kunjo halihitajiki. Muuguzi akuthibitishie hilo kwa kukugusa kabla hujalitegemea. Kama insulini yako ya usiku ni ya aina ya NPH, yaani ya muda wa kati, ile yenye rangi ya maziwa, makalio na mapaja yana faida nyingine: hunyonya polepole kuliko tumbo, na hivyo hupunguza uwezekano wa sukari kushuka katikati ya usiku.

Tumbo bado lina nafasi yake kwa dozi za kabla ya mlo, kwa sababu insulini ya kawaida ya haraka hunyonywa mapema zaidi hapo kuliko sehemu nyingine. Kwa insulini mpya za haraka sana tofauti kati ya sehemu na sehemu ni ndogo, kwa hiyo mwenye kuzitumia ana uhuru mkubwa zaidi. Jidunge ukiwa umekaa na kuinama mbele kidogo, kwani tumbo likilegea hata mtu mwembamba hupata kunjo ambalo hakulipata akiwa amesimama wima. Lichunguze tumbo lako lote kwa vidole, kwa sababu mafuta hayakusambaa sawasawa: mara nyingi chini ya kitovu, kushoto na kulia, hupatikana zaidi kuliko juu yake. Acha angalau sentimita moja kuzunguka kitovu, ingawa wengi hufundishwa kuacha upana wa vidole viwili, nami sina ubishi na hilo. Acha pia sentimita moja chini ya mbavu na sentimita moja juu ya mfupa wa kinena. Usidunge palipo na kovu, baka la damu, doa la kuzaliwa au mshipa unaoonekana kwa macho.

Kuhusu mapaja nitakuwa mwangalifu. Kwa umbile ulilolieleza, ndiyo sehemu ambayo dawa huingia msulini kwa urahisi zaidi. Ukiitumia, tumia theluthi ya juu pekee, upande wa mbele kuelekea nje, ukiwa umekaa na mguu umelegea, kwa sindano ya milimita 4 na kunjo la ngozi, na usifanye hivyo kabla ya kutembea sana au kufanya mazoezi. Upande wa ndani wa paja na sehemu iliyo karibu na goti hazifai kabisa. Mikono ya juu ningekushauri uiache kwa sasa. Nyuma ya mkono kuna mafuta machache, na huwezi kukunja ngozi ya mkono uleule unaotaka kuudunga isipokuwa mtu mwingine akusaidie.

Nimeiacha makusudi ile sehemu yako isiyouma, kwa kuwa ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Sindano zikirudiwa mahali pamoja, mafuta ya hapo huvimba na kuwa kinundu laini au kigumu kidogo. Watu hukipenda kinundu hicho kwa sababu sindano haiumi sana ndani yake. Tatizo ni kwamba insulini hukwama humo: siku nyingine hunyonywa kidogo na sukari hupanda, siku nyingine huachiwa kwa wingi na sukari hushuka. Huenda basi kuyumba kwa sukari yako kuna sababu mbili, msuli upande mmoja na kinundu upande wa pili. Kitafute ukiwa umelala na tena ukiwa umesimama, kwa vidole vilivyopakwa sabuni na maji ili viteleze, ukilinganisha upande wa kushoto na wa kulia. Mara nyingi vidole hukigundua kabla ya macho. Ukikikuta, kizungushie mstari wa kalamu ya wino na usikiguse tena kwa sindano hadi muuguzi au daktari aseme kimeisha, jambo ambalo huchukua miezi.

Mtu mwembamba ana eneo dogo la kuzungukia, na hapo ndipo mpango unapohitajika zaidi. Gawanya tumbo katika robo nne, na ile robo ya juu ya nje ya kila kalio katika nusu mbili. Tumia robo moja ya tumbo kwa wiki nzima kwa dozi za mlo, ukisogea upana wa kidole kimoja, yaani sentimita moja, kutoka alama ya sindano iliyotangulia, kisha wiki inayofuata uhamie robo nyingine kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Kwa dozi ya usiku, badilisha nusu hizo za makalio kwa mtindo huo huo. Usirukeruke tumbo asubuhi, paja kesho asubuhi na kalio keshokutwa kwa dozi ya wakati mmoja, kwa sababu hutajua tena kama sukari imebadilika kwa ajili ya chakula, kazi au sehemu uliyodunga. Faida uliyonayo ni kwamba watu wenye uzito wako kwa kawaida hutumia dozi ndogo. Uniti 10 za insulini ya nguvu ya kawaida, yaani uniti 100 kwa mililita, ni sehemu moja ya kumi ya mililita tu, na ujazo mdogo huuma kidogo.

Maumivu ya juu ya ngozi yana dawa zake nyepesi. Kalamu iliyoanza kutumika inaweza kukaa nje ya jokofu, mbali na joto kali na jua, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, ambao kwa insulini nyingi ni takribani wiki nne, na insulini isiyo baridi haiungui inapoingia. Ukisafisha ngozi kwa spiriti, ingoje ikauke kabisa. Epuka mizizi ya nywele. Tumia sindano mpya kila mara, kwani ncha hupinda na utelezi wa silikoni ulioipaka huisha baada ya matumizi ya kwanza, na kwa mtu asiye na mafuta ya kutosha tofauti hiyo huhisiwa mara moja. Baadhi ya insulini za muda mrefu, kama glagini, zina asidi kidogo na huwasha hata zikidungwa vizuri, kwa hiyo muwasho wa namna hiyo usikutie hofu. Tone la damu nalo halimaanishi kwamba dozi imepotea. Bonyeza kwa pamba kwa sekunde chache bila kusugua, na usirudie dozi.

Jambo moja usiloliuliza lazima nilitaje. Ugonjwa wako uligunduliwa mwaka jana, na mtu mwenye kisukari aina ya kwanza akipata insulini ya kutosha kwa kawaida hurudishiwa uzito alioupoteza, pamoja na mafuta ya chini ya ngozi. Ikiwa uzito wako umekwama au unaendelea kushuka, mwambie daktari waziwazi. Huenda dozi haitoshi, au nyingi zinapotelea ndani ya kinundu, lakini pia kuna magonjwa mengine yanayokondesha ambayo yanapaswa kupimwa, kama vile ya tezi ya shingoni, kifua kikuu na utumbo kushindwa kunyonya chakula.

Mwisho, tahadhari ya siku za kwanza za mabadiliko. Ukiacha kinundu na kuhamia mahali penye mafuta mazima, kipimo kile kile kinaweza kufanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko ulivyozoea, na kliniki hulazimika mara nyingi kukipunguza. Kwa hiyo usihame kimyakimya. Wasiliana na kliniki kabla, mkubaliane kuhusu dozi ya kuanzia, na usibadilishe sindano, sehemu na dozi zote kwa uamuzi wako peke yako. Kwa wiki mbili za kwanza pima sukari kabla ya kila mlo, kabla ya kulala na mara moja katikati ya usiku, hasa siku uliyofanya kazi nzito, na uandike kando ya kila kipimo mahali ulipojidunga. Weka gramu 15 za glukosi karibu na kitanda, na kipimo kikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, yaani chini ya miligramu 70 kwa desilita, zitumie papo hapo, upime tena baada ya dakika 15, na uipigie simu kliniki asubuhi yake bila kungoja siku ya miadi.